Kuhesabu Sauti Laiser Hill

Ndege wa kwanza niliowatazama kwa karibu walikuwa wamekufa. Walikuwa wamepangwa kichwani mwa kijana wa Kimaasai, mtoto wa jirani yetu, aliyesimama langoni kwetu amevaa shuka jeusi, uso umechorwa kwa chokaa nyeupe. Alikuwa ametahiriwa majuma machache kabla. Vijana wa hali hiyo huitwa isipolio. Kabla ya kuwa morani huzunguka porini wakiwinda ndege wadogo kwa mishale yenye ncha butu, isiyopasua ngozi wala kuharibu manyoya, kisha huwakausha na kuwafunga pamoja kuwa taji. Aliinama ili nilione. Palikuwa na chozi mwenye shingo ya kijani inayometameta kama mafuta juu ya maji, kuzi wa buluu, na kwera watatu wa manjano ambao macho yao yalikuwa yamezama ndani.

Nilikuwa na miaka tisa, na manati mfukoni. Nilimwuliza majina. Alinitajia la kila ndege kwa Kimaasai, mmoja baada ya mwingine, bila kusita. Mimi nilikuwa na jina moja tu la wote: ndege. Nyumbani kwetu aliyekuwa na jina lake mwenyewe ni bundi, na huyo mama alimfukuza paani kwa kijinga cha moto.

Hayo yalikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, Laiser Hill, Ongata Rongai. Laiser ni jina la ukoo, Ilaiser, uliotoa maloiboni wakubwa wa Wamaasai. Ongata Rongai maana yake ni uwanda mwembamba, na kweli ulikuwa uwanda. Ukishuka matatu ya 125 jioni, ulitembea kwenye nyasi hadi mlangoni, na usiku tulisikia simba wakinguruma ng'ambo ya Mto Mbagathi, ndani ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi.

Siku za likizo nilifuatana na mwana wa jirani kuchunga upande wa Tuala, kwenye njia ya kwenda Kitengela. Huko ndiko alikonionyesha uwanja wa kweche. Mvua zikishanyesha na nyasi zikarefuka, dume wa ndege huyu hubadilika akawa mweusi tititi, mkia ukarefuka na kupinda kama mundu. Huchagua mahali pake, akakanyaga na kung'oa nyasi hadi apate duara tupu, huku akiacha kishungi kimoja cha majani katikati. Niliupima uwanja mmoja kwa viganja vyangu. Haukuzidi ungo wa mama. Kando ya kishungi hicho dume huruka wima, kichwa amekirudisha nyuma, miguu ikining'inia, akatua, akaruka tena, ili majike waliojificha nyasini wamwone. Tulilala kifudifudi tukatazama madume wengi wakiruka kwa pamoja, mmoja akizama mwingine akiibuka, kama bisi sufuriani. Sitadanganya kwamba niliitupa manati siku ile. Niliendelea nayo hadi kidato cha kwanza. Lakini kweche sikuwahi kumlenga.

Kutazama ndege kama shughuli ya mtu mzima tuliamini ni mambo ya wazungu waliokuja na kofia pana na darubini shingoni. Ni mwenzangu wa kazini aliyenipeleka Makumbusho ya Taifa Jumatano moja asubuhi, kwenye matembezi ya kutazama ndege. Matembezi hayo yalianzishwa na Fleur Ng'weno mwaka 1971, chini ya jumuiya iliyoundwa 1909 na ambayo leo ni Nature Kenya. Nilikuta makarani, wanafunzi, bibi mmoja mstaafu na vijana wa Eastleigh, wote wameelekeza nyuso juu ya mti mmoja. Hapo nilijifunza kwamba nchi yetu ina aina zaidi ya 1,000 za ndege, nami nilikuwa nimeishi miaka ishirini na kitu katikati yao kama kiziwi.

Kiziwi ndilo neno. Nilithibitisha hivyo Desemba ya mwaka uliofuata, 2004, tulipochanga nauli watu saba tukaenda Msitu wa Kakamega. Msitu huu ni kipande cha mashariki kilichobaki cha misitu mikubwa ya Kongo, na ndege walio humo wengi huwapati kwingine kokote nchini Kenya. Kiongozi wetu alikuwa kijana wa Isecheno aliyezaliwa kando ya msitu. Tulimkuta saa kumi na mbili asubuhi akiwa na gambuti na koti la mvua. Kila mmoja wetu alitaka kumwona shorobo mkubwa wa buluu mara moja, maana tulikuwa tumemwona vitabuni.

"Ndugu zangu, darubini ziwekeni chini kwanza," alisema. "Hapa ndani macho hayafiki mbali. Fungeni macho, kila sauti mpya kunja kidole kimoja."

Tulisimama dakika kumi. Matone yalidondoka kutoka jani hadi jani. Mimi nilikunja vidole saba, na viwili kati ya hivyo nadhani walikuwa vyura. Yeye alimaliza mikono yote miwili, akaanza upya. Halafu akaturudisha kwenye kila sauti: huyu yuko juu kabisa kwenye majani, huyu yuko chini anafuata siafu, huyu anaita mwenzake na yule anajibu, wala si ndege mmoja. Hondohondo walipopita hatukuwaona kabisa, ila mabawa yao yalivuma kama mtu anayekung'uta mkeka juu ya vichwa vyetu. Shorobo tulimwona saa nne, akikimbia juu ya tawi kama kuku aliyevaa mavazi ya arusi. Wakati huo, kusema kweli, nilikuwa nimeshapata nilichokijia.

Kutoka huko tuliteremka hadi Dunga, Kisumu, tukapanda mashua kabla ya jua kuwaka. Mafunjo, ambayo Waluo huyaita togo, yalisimama kama ukuta pande zote mbili. Mwendesha mashua alizima injini, akakunja kidole kimoja. Kutoka ndani ya mafunjo ndege wawili waliitikiana kwa haraka hivi kwamba ulidhani ni koo moja. Baadaye mmoja akajitokeza: mgongo mweusi, kifua chekundu kama pilipili iliyoiva, utosi wa manjano. Huyu huishi kwenye mafunjo tu. Nyuma yake palikuwa na mafungu ya togo yaliyokatwa, yakingoja kusukwa mikeka. Mwendesha mashua hakuwalaumu wakataji, kwani ni jirani zake. Alisema tu kwamba wakikata kwa zamu, mafunjo hurudi; wakichoma na kulima, hayarudi.

Niliporudi nyumbani nilianza kuhesabu sauti kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, dakika kumi, nikiwa nimekaa karibu na tangi la maji. Mwaka ule wa kwanza vidole vya mikono havikutosha. Kulikuwa na kekeo wa mvua na noti zake tatu, dudumizi akibubujika kama maji yanayotoka chupani, kwarara wakipita na makelele yao, na mwezi Oktoba keremkerem wageni kutoka Ulaya wakiongea kwa upole juu kabisa angani. Siku hizi mikono miwili inatosha, na mara nyingine vidole hubaki.

Sababu haijajificha. Ranchi za jamii ziligawanywa kuanzia miaka ya 1980, kila mtu akapata hati yake, kisha hati zikauzwa vipande vya hamsini kwa mia. Kuanzia mwaka 2000 palikuwa na mpango wa kuwalipa wenye ardhi wa Kitengela dola 4 kwa ekari kila mwaka wasijenge ua wala kuuza, na familia nyingi zilikubali na kusomesha watoto kwa fedha hizo. Lakini bei ya ploti ilipanda kuliko malipo yoyote ya namna hiyo. Sensa ya 2019 ilikuta Ongata Rongai ina watu zaidi ya 170,000, na Kitengela zaidi ya 150,000. Nami ni mmoja wao, na nyumba yangu imesimama mahali palipokuwa nyasi. Kongoti na mwewe wamefaidika na mabucha na majalala yetu. Karani tamba, aliyetembea zamani uwandani akiwapiga nyoka mateke, mwaka 2020 aliwekwa kwenye orodha ya kimataifa ya ndege walio hatarini kutoweka. Upande wa Tuala sijamwona kwa miaka mingi.

Kuna kilichobadilika kwa uzuri pia, nami nakithamini sana. Yule kijana wa taji sasa ni baba wa watoto wanne. Binti yake wa pili, aliye kidato cha tatu, huja kwangu Jumamosi hizo akiwa na simu, na tunapomaliza hutuma orodha yetu kwenye ramani ya ndege wa Kenya, kazi ya kujitolea iliyoanza 2013. Baba yake hutaja jina kwa Kimaasai, mimi kwa Kiswahili, naye huandika la kitabuni. "Anko, hiyo ni sauti ya ngapi?" huniuliza, na mara nyingi sauti yenyewe mimi sijaisikia.

Mwezi Mei uliopita alitupeleka mimi na baba yake kwenye ploti moja ng'ambo ya Tuala ambayo mwenyewe hajajenga bado. Nyasi zilifika magotini. Katikati yake tulikuta viwanja vinne vya kweche, kila kimoja na kishungi chake, na madume wakiruka.

Ewe uliyenunua ploti kati ya Rongai, Kitengela na Isinya na hujaanza kujenga: mvua ndefu zikinyesha, usimlete mtu wa kufyeka. Ngoja hadi Agosti, vifaranga wawe wamekwisha kuruka.