Umri wa Nyanya Ndani ya Kompyuta

Wanachama wenzangu, wengi wenu mkinikuta katika chumba cha kompyuta mnadhani nacheza. La hasha! Najifunza R, lugha ya kompyuta ya kufanyia hesabu za takwimu. Ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand. Toleo lake 1.0.0 lilitolewa tarehe 29 Februari 2000, siku ambayo ukiikosa unaingoja miaka minne.

Likizo iliyopita shangazi yangu, katibu wa kikundi cha akina mama kijijini, aliniletea daftari la majina ya wazee. "Mwanangu, hebu nitafutie waliotimiza miaka 70," akasema. Huo ndio umri wa kupata fedha za wazee za Inua Jamii, kwa hivyo haikuwa hesabu ya mchezo.

R huhesabu siku kuanzia tarehe 1 Januari 1970, ambayo kwake ni sufuri. Siku ya uhuru wetu, 12/12/1963, ni -2212, yaani siku 2212 nyuma ya sufuri. Ukishaigeuza tarehe kuwa nambari namna hiyo, kutoa ni rahisi.

Taabu ni kuigeuza. Ipe Madaraka, 01/06/1963, bila kuieleza siku iko wapi na mwaka uko wapi, nayo itakuandikia mwaka wa 1, mwezi wa 6, tarehe 19! Hiyo 19 imeikata kutoka 1963. Ni lazima uiandikie "%d/%m/%Y": siku, mwezi, mwaka. Tena hiyo Y iwe kubwa. Y ndogo ni ya mwaka wa tarakimu mbili, na hapo 69 hadi 99 ni miaka ya 1900, lakini 00 hadi 68 ni ya 2000. Katika daftari la shangazi mzee mmoja alikuwa ameandikwa 48. Kwa R, huyo bwana atazaliwa mwaka 2048. Atapataje pesa, na hajazaliwa bado?

Lakini kilichonishtua zaidi ni wale walioandikiwa mwaka tu. Ukiipa R mwaka mtupu, haikatai wala haiulizi. Inachukua siku na mwezi wa leo na kuujazia. Basi wazee tisa wakawa wamezaliwa siku moja! Kesho yake nikajaribu tena, wote wakasogea siku moja mbele. Ama kweli, heri ingesema haijui.

Nikawaondoa hao tisa, nikatoa mwaka kwa mwaka. Sita walikuwa wamepita 70 waziwazi. Watatu ndio wanaitimiza mwaka huu, na hapo mwezi una maana kubwa. Tukaenda kwa nyanya mmoja wao kumwuliza.

"Mjukuu wangu," akanijibu, "mama aliniambia mahindi yalikuwa yakipaliliwa."

R haina alama ya kupalilia. Shangazi ameyaandika majina hayo matatu kwa kalamu nyekundu, na Jumatatu atayapeleka kwa chifu yeye mwenyewe.