Matope ya Kulipia: Safari Yetu ya Hatta



Dubai si mji wa matope. Mvua ya mwaka mzima humu kwa kawaida haifiki milimita 100, na maji yatumikayo majumbani hutoka baharini, yakatolewa chumvi kwa mitambo. Matope ya bure tuliyaona tarehe 16 Aprili 2024, iliponyesha kwa siku moja mvua ipitayo ile ya mwaka, na magari yakaachwa barabarani yakiwa yamezama. Basi mtu atokaye Pemba au Rufiji hana budi kustaajabu akisikia kwamba katika mji huu wamo watu watoao fedha zao ili waingie matopeni. Nasi, msimu wa baridi uliopita, tulikuwa miongoni mwao.

Mchezo wenyewe ni mbio za vikwazo, na asili yake ni mazoezi ya askari: kupanda kuta, kutambaa chini ya seng'enge, kubeba mizigo mlimani. Huko Uingereza raia waliuanza mwaka 1987 katika mashindano yaitwayo Tough Guy. Mwaka 2010 yakazuka Marekani Tough Mudder na Spartan Race, na tangu mwaka 2020 yote mawili yako mikononi mwa wenyewe wamoja. Tough Mudder ilifika Dubai Desemba 2016, katika viwanja vya Hamdan Sports Complex. Spartan hupima saa, na ashindwaye na kikwazo hupewa adhabu. Tough Mudder haipimi saa, bali mshiriki huahidi kumtanguliza mwenzake kabla ya nafsi yake. Sisi tulikwenda katika mbio ndogo za mtaani, zilizoiga haya na yale.

Kabla ya safari palikuwa na maneno majumbani. Vijana wa kiume hawakuulizwa sana. Lililogombaniwa lilikuwa la mabinti na mama zao. Nguo ikirowa hushika mwili, na katika vikwazo watu huvutana mikono, wanaume kwa wanawake. Hayo si maneno ya kupuuzwa, wala hatukuyapuuza. Tulikaa jioni mbili. Ikakubaliwa kwamba wanawake watakwenda kundi lao peke yao, wamevaa suruali na kanzu ndefu za kitambaa cha kuogelea, kisichonywa maji, na mitandio ya kuvaliwa kichwani bila pini. Mzee wetu mmoja alibaki na neno lake: kwamba pesa ya kutupwa matopeni ingetosha kupelekwa nyumbani.

Hatta ni sehemu ya Dubai, lakini imetengana na mji. Ipo ndani ya milima ya Hajar, imezungukwa na ardhi ya Oman, Ajman na Ras al-Khaimah. Kutoka mjini ni kiasi cha kilomita 130. Tulitoka baada ya sala ya Alfajiri. Kwanza ni mchanga mwekundu, na ngamia nyuma ya nyaya. Kisha mchanga hukatika, yakaanza mawe ya rangi ya kahawia yasiyo na mti. Asubuhi ya Januari huko ni baridi, na watoto walitetemeka hata kabla ya kulowa.

Matope yalikuwa yametengenezwa. Shimo lilichimbwa, gari la maji likamwaga, udongo ukakorogwa. Baada ya hapo palikuwa na wavu wa kamba, mabomba ya kupita kwa magoti, na mwisho ukuta wa mbao uliotushinda kimo. Hapo ndipo lile tulilolijadili jioni mbili lilipotokea. Mama mmoja wa kwetu, mwenye watoto wanne, alikwama chini ya ukuta, na kijana mmoja mgeni akamnyooshea mkono kwa wema. Mama akaweka kiganja chake kifuani, akamshukuru. Yule kijana akafahamu, akageuka akawaita wanawake wa kundi la nyuma. Wakaja Wafilipino wawili na Mmisri mmoja, wakainama, mama akapanda mabegani mwao, na juu binti yake akampokea. Haikuchukua dakika mbili. Sisi wanaume tulisimama kando tukitazama, na nadhani wengi wetu tulikuwa tumetarajia ugumu mkubwa zaidi.

Matope si najisi, lakini tabaka lake likizuia maji yasifike ngozini, udhu hautimii. Kwa hiyo tulianzia kwenye mabomba ya kuogea, tukasugua kucha na masikio, kisha tukatawadha na kusali Adhuhuri jamaa juu ya mikeka.

Tuliporudi, yule mzee aliuliza matope yalifika wapi. Watoto wakamwonyesha magoti. Akacheka, kisha akawasimulia jambo ambalo hata wazazi wao hawakupata kulisikia: kwamba baba yake alikuwa mkata boriti katika delta ya Rufiji, akiingia mikokoni maji yapwapo, matope ya mapaja, na kutoka yajaapo. Majahazi yaliyoshuka na kaskazi yalipakia boriti hizo yakarejea Ghuba na kusi. Nyumba za kale za Dubai, za Shindagha na Al Fahidi, ziliezekwa kwa miti hiyo kutoka Rufiji na Lamu, na upana wa vyumba vyake ulifuata urefu wa boriti. Kenya ilipiga marufuku kusafirisha boriti nje mwaka 1982, na hapa saruji ilikuwa imekwisha kushika nafasi yake. Ijumaa iliyofuata watoto walitaka kupelekwa Al Fahidi, wakazunguka vyumbani shingo zimeinuliwa juu.

Wanaokusudia kwenda msimu ujao wachague mbio za Jumamosi au Jumapili. Tangu Januari 2022 hizo ndizo siku kamili za mapumziko, na Jumaa haitaingiliwa. Wavue pete, wasivae pamba, maana hunywa maji ikawa nzito. Watoto waonywe wasimeze yale maji: huko Nevada mwaka 2012 watu 22 waliugua tumbo baada ya mbio za namna hii katika shamba la ng'ombe. Na nguo zisuuzwe nje kwanza, kwa ndoo, kabla ya kutiwa mashineni. Bomba la maji machafu la jengo letu liliziba siku mbili.