Wale wa Mwanzo Wanarudi Saa Ngapi?

Mto Ulanga hauingii ziwani. Mtu yeyote wa Ifakara atakwambia: maji ya Kilombero, ambayo huko mbele huitwa Ulanga, yanakutana na ya Luwegu, yanakuwa Rufiji, halafu hao hadi Bahari ya Hindi. Lakini katika The African Queen, filamu ya mwaka 1951 iliyoongozwa na John Huston, Ulanga unabadilika jina njiani na kuishia kwenye ziwa linalolindwa na meli ya kivita ya Wajerumani. Ni C. S. Forester, katika riwaya yake ya mwaka 1935, aliyeuchukua mto huu na kuupeleka hadithi ilikotaka. Hata picha za Afrika zilipigwa Kongo na Uganda.

Ndiyo maana nilipokwenda Ifakara kuandika habari za mpunga, niliibeba filamu hiyo kwenye kompyuta. Nilitaka niiangalie na wenye mto. Tulikuwa watano sebuleni kwa rafiki niliyesoma naye chuo: yeye, mkewe, jirani yao mwalimu wa historia, mimi, na bibi yake rafiki yangu, ambaye kiti chake kiliwekwa mbele kabisa. Tulikula wali na perege huku sahani ziko mapajani. Mwalimu alijitolea kutafsiri, na alifanya hivyo kwa mbwembwe zote za kibanda umiza. Humphrey Bogart akageuka "Chale", mlevi wa bondeni anayedaiwa kila kilabu.

Tulicheka, jamani. Kila Ulanga ulipotajwa, shemeji aliishika ile filamu shati: "Mamba sawa, viboko sawa. Ziwa mmelitoa wapi?"

Bibi hakucheka. Mwanzoni mwa filamu askari wa Kijerumani wanaingia kijijini, wanachoma nyumba na kuwaswaga wanakijiji. Dakika chache tu. Mmisionari anapigwa, anaugua, anakufa. Dada yake anapanda boti ya Chale, na kamera inaondoka nao. Muda mrefu baadaye, wale wawili wakiwa wameshapendana, bibi akauliza:

"Na wale wa mwanzo, wanarudi saa ngapi?"

Mwalimu aliacha mbwembwe. "Hawarudi, bibi."

"Wamekufa?"

"Filamu haisemi."

"Basi kama babu yangu," akasema.

Babu yake alichukuliwa kubeba mizigo ya vita ile. Nyumbani walijua hivyo tu: amekwenda kubeba. Hakuna barua, hakuna kaburi. Mkewe hakuolewa tena, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba ni mjane.

Tuliimalizia filamu, na nakiri ni nzuri. Oscar ya Bogart ilikuwa halali yake. Ila swali la bibi liliniharibia ule mwisho wa furaha.

Bondeni hapa vita havikuwa hadithi. Mahenge, kwenye milima ng'ambo ya mto, ilikuwa mikononi mwa Wajerumani hadi Oktoba 1917, ilipochukuliwa na majeshi ya Wabelgiji yaliyotoka Kongo. Kila jeshi lilitaka watu wa kubeba risasi na chakula, na chakula chenyewe kilitoka kwenye ghala la mkulima. Miaka 12 tu kabla ya hapo, tarehe 30 Agosti 1905, wapiganaji wa Maji Maji walilishambulia boma la Mahenge wakapigwa kwa bunduki za rashasha. Baadaye Wajerumani walichoma mashamba na vyakula, na njaa ikamaliza kazi.

Gavana wa wakati huo aliitwa Gustav Adolf von Götzen. Jina lake lilipewa meli ya Ziwa Tanganyika, ambayo ndiyo inayotajwa kuwa chimbuko la ile meli ya kwenye hadithi. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916. Waingereza wakaiibua, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Yaani chuma kimekumbukwa kuliko watu.

Nikamkumbuka Ebrahim Hussein. Kinjeketile, tamthilia yake ya mwaka 1969, inaanza na wanawake wa kijijini wakizungumzia shida ya chakula. Watu ambao Huston anawaondoa dakika za mwanzo, Hussein anaanza nao na kubaki nao. Tofauti ya kazi hizi mbili kwangu iko hapo, zaidi ya rangi ya mwandishi au ukubwa wa bajeti.

Sisi wa Dar tunanunua nyanya Kariakoo, jina lililotokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Tunalitaja kila siku bila kumkumbuka mpagazi hata mmoja. Bibi alinitajia jina la babu yake, akataka niliandike kwenye daftari, si kwenye simu, maana simu huibiwa. Kama nyumbani kwenu yupo mzee mwenye jina kama hilo, muulize mapema.