Bunda kwa Rula na Bunda kwa Saa

Chukua ramani ya Tanzania na rula. Unganisha Dar es Salaam na Bunda, mkoani Mara. Mstari utakaoupata ni wa kilomita 800 hivi. Utapita juu ya nyika ya Wamasai, ukaribie Ziwa Manyara, uikate Serengeti na kufika. Kwa mwendo wa ndege ya abiria, ni safari ya saa moja na dakika chache.

Lakini hakuna ndege ya abiria ifuatayo mstari huo. Musoma kuna kiwanja, ila wengi huitegemea Mwanza, yenye ndege za kila siku. Na hapo ramani huchekesha kidogo, kwani kwa njia ya angani Mwanza iko mbali na Dar es Salaam kuliko ilivyo Bunda, yapata kilomita 850. Mwana Bunda hurushwa magharibi hadi apitilize kwao, kisha hurejea mashariki kwa basi kilomita 150 hivi, kupitia Kisesa, Magu na Lamadi. Ghuba ya Speke humwandama mkono wa kushoto, na lango la Ndabaka la hifadhi ya Serengeti humpokea mkono wa kulia. Ni kipande kizuri cha barabara, kwa asiye na haraka.

Mwenye haraka hupiga hesabu nyingine. Saa moja na nusu ya angani huongezewa foleni ya Dar es Salaam, kungojea kiwanjani, kuuvuka mji wa Mwanza kuitafuta stendi, kungojea basi lijae, na saa mbili na zaidi za barabara. Aliyeondoka nyumbani alfajiri hushukuru akifika alasiri.

Hata hivyo, basi la moja kwa moja ni shani nyingine: kilomita 1,300 hivi, kwa Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga, mchana na usiku. Kabla ya mwaka 2023, mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku kucha, giza likiwakuta njiani abiria walilala humo humo ndani ya basi. Lami ya Maswa, Bariadi hadi Lamadi nayo imewapunguzia mzunguko wasio na haja ya Mwanza.

Tofauti hiyo ya saa haimsumbui sana aendaye likizo. Humwumiza mfanyakazi wa Dar es Salaam apigiwaye simu usiku kwamba mama amefariki. Nauli ya ndege yaweza kula sehemu kubwa ya mshahara wake. Basi ni nafuu, ila litamfikisha kesho kutwa asubuhi. Huko nyumbani wazee wamekwisha kukaa chini ya mti, kaburi limeanza kuchimbwa, na swali ni moja tu: amepanda nini? Akijibu ndege, husema watamngojea hadi jioni. Akijibu basi, hunyamaza kwanza, wakatazamana, ndipo mmoja wao huuliza limefika wapi.