Mtu wa Nyuma ya Vijiti

Na tumtaje Mwingereza mmoja, Godfrey Evans, aliyezaliwa mwaka 1920, akauchezea Kent na nchi yake mchezo wa kriketi. Wengi wetu vijijini twajua kabumbu tu, basi na tueleze kidogo. Mpigaji husimama na kibao chake mbele ya vijiti vitatu. Nyuma yake huchutama mtu mwenye glovu, audake kila mpira uliompita. Tena mpigaji akitoka nje ya mstari wake akaukosa mpira, huyo wa nyuma huviangusha vijiti, na zamu ya mpigaji imekwisha.

Sisi tuliwekwa mahali hapo zamani za shule, kwa kuwa hatukujua kupiga wala kutupa. Siku ya mashindano mpira ukatupita katikati ya miguu, tukashindwa. Jioni mwalimu mmoja akatucheka mbele ya wenzetu wote, nasi hatukuzigusa glovu tena.

Evans alikuwa hodari kweli. Alec Bedser alitupa kwa nguvu, hata walinzi wengi wangalirudi nyuma hatua kadhaa. Yeye alikaa papo hapo penye vijiti. Tangu 1946 hata 1959 alicheza michezo 91 ya mataifa, akawatoa wapigaji 219. Na huko Adelaide mwaka 1947, zamu yake ya kupiga ilipofika, alisimama dakika 97 pasipo kupata hata alama moja, ili mwenzake Denis Compton apate kuendelea, mchezo haukupotea. Subira hiyo twaitamani darasani!

Lakini siku tuipendayo kuikumbuka ni ile aliyokosea. Ilikuwa Leeds, tarehe 27 Julai 1948. Waaustralia walitakiwa kupata alama 404, jambo ambalo wachache walilisadiki. Arthur Morris alitoka nje ya mstari wake, na baadaye Don Bradman vilevile. Evans akawakosa wote wawili. Morris akapata 182, Bradman 173, Uingereza ikashindwa mbele ya umati mkubwa. Mchezo uliofuata, kule The Oval, walimweka Evans nyuma ya vijiti tena.

Juzi mlinda lango wa darasa letu alifungwa bao, mpira ukipita katikati ya miguu. Tulikuwa tumekwisha kufumbua kinywa. Tukakifumba, na Jumamosi iliyofuata tukamwita jina lake la kwanza, akaenda langoni.