Rimu mpya zilipomfanya mama agome kupanda gari

Mwezi uliopita mama mmoja wa Nambis, Mbulu, alimpeleka bintiye wa miaka saba kliniki Arusha kwa basi la alfajiri, huku IST ya mumewe ikiwa imeegeshwa uani. Alikuwa amegoma.

Chanzo kilikuwa rimu. Baba, mwalimu wa sekondari, alinunua rimu za spoti zilizotumika bila kumwambia mkewe. Zilikuwa na matundu manne ya nati kama za zamani, zikaingia bila shida. Gari likapendeza, majirani wakasifia.

Safari ya kwanza, kwenye vumbi na mteremko wa Magara hakuna aliyegundua kitu, kwa kuwa huko gari huenda taratibu. Walipofika Mbuyu wa Mjerumani na kushika lami ya Babati kwenda Arusha, mshale ukagusa 80, usukani ukaanza kutetemeka.

"Baba, mbona gari linatetemeka?" binti aliuliza.

"Ni barabara tu, mama."

Mkewe aliitazama lami. Haikuwa na shimo. Walipofika alisema, "Baba watoto, wanangu hawapandi tena gari hili mpaka ujue lina nini."

Baba alifanya balansi mara tatu. Kila mara mashine ilionyesha tairi ziko sawa, na kila mara usukani ulitetemeka tena. Akaanza kuamini kwamba mkewe ana kinyongo tu cha fedha.

Hatimaye fundi mmoja mtu mzima huko Babati alifungua tairi, akaingiza ncha ya kidole kati ya habu na tundu la katikati la rimu. Iliingia.

Habu ya IST ina upana wa milimita 54.1. Tundu la rimu ile lilikuwa na 73.1. Watengenezaji wengi wa rimu za spoti huacha tundu kubwa ili ziingie kwenye magari ya aina nyingi. Rimu ya kiwandani hukalia habu barabara. Hii ilitegemea nati peke yake, ikakaa upande kidogo. Mashine ya balansi haikuona kosa kwa sababu yenyewe huishika rimu katikati.

"Mwalimu, tairi ni nzima. Halijakaa mahali pake," alisema fundi.

Dawa ilikuwa ringi nne za kuziba nafasi hiyo: nje 73.1, ndani 54.1. Bei yake haikufikia fedha za balansi tatu. Fundi alisugua kutu kwenye habu, akaweka ringi, akakaza nati kwa msalaba gari likiwa juu ya jeki, akalishusha na kumalizia. Akamwagiza azikague tena baada ya kilomita 100.

Baba alilijaribu peke yake kwenye lami. Usukani ulitulia.

"Nilidhani unalalamikia hela," alimwambia mkewe jioni.

"Na hela pia," alijibu. "Lakini kwanza watoto."

Mwezi huu wamekwenda kliniki wote kwa gari lao.

Mzazi, kabla ya kununua rimu, usihesabu matundu ya nati tu. Pima na tundu la katikati, na uhakikishe nati zinalingana na rimu. Na mtoto akiuliza kwa nini gari linatetemeka, usimjibu kuwa ni barabara. Simama, ukague.