Vitunguu vya mzee

Jumatatu, 15 Julai 2024

Nimepeleka alizeti Singida leo, magunia manne. Kwenye hiace nikapakia na kiroba cha vitunguu, zawadi kwa mzee mwenye mashine ya kukamua, maana msimu uliopita alinikopesha hela ya magunia na hakuchukua riba. Akakipokea kwa mikono miwili, akanishukuru mpaka nikaona aibu, kisha akawaita vijana wa mashine wagawane. Hata kitunguu kimoja hakikuingia ndani kwake. Nikanuna. Mtu unambebea mzigo kutoka Ikungi!

Kijana mmoja anayepima mashudu akaninong'oneza: "Usijali, mama. Mzee hali kitunguu wala swaumu. Dini yao ya Kihindu." Miaka sita nauza pale, sikujua.

Jumatano, 17 Julai

Nimerudi kufuata salio langu la alizeti. Mzee yuko kwenye kiti chake, midomo imempasuka kwa ukavu. Kumbe leo ni Ekadashi kubwa, siku yao ya kufunga. Hawali nafaka, na yeye hata maji hajagusa. Miezi minne ya ibada inaanza leo mpaka 12 Novemba, na kila mfuasi anajiongezea nadhiri. Yake ni mlo mmoja kwa siku.

"Shikamoo tena mzee wangu, nani kakuamuru?"

Akaonyesha ukutani. Picha ya babu mwembamba, kilemba na nguo za rangi ya chungwa, anacheka kama aliyesikia utani. Yogiji Maharaj, guru wao wa zamani.

Akaanza kusimulia, hiace ikaniacha. Wafuasi wa njia yao huku Afrika Mashariki walikusanywa na watu wa reli. Mwaka 1928 Harman Patel alianza kukutanisha wenzake wachache, na mikutano mingine wakaifanyia ndani ya mabehewa, kwenye stesheni. Guru wa wakati huo yuko Gujarat, bahari katikati, kwa hiyo walichokuwa nacho ni barua. Sadhu mmoja, yaani mtawa wao, Nirgundas Swami, ndiye aliyekuwa akiwajibu maswali yao. Naliwaza hilo behewa usiku, taa ya mafuta, watu watano wanasomeana barua ya mtu ambaye pengine hawatamwona.

Mwaka 1955 Yogiji, guru aliyefuata, akaja mwenyewe Mombasa kufungua hekalu, akiwa na miaka 63. Baba yake mzee, enzi hizo kijana, alikwenda kumwona. Guru akamshindilia kofi la mgongoni. Ndiyo ilikuwa baraka yake, na wengi waliionja. "Baba alikuwa anatuonyesha mahali penyewe," mzee akasema, huku mkono wake ukijipinda kutafuta sehemu ya mgongo usiyoifikia.

Na sadhu hashiki pesa. Hili nimelichukua mpaka nyumbani. Mzee anashinda akihesabu noti, halafu anayemsujudia ni mtu asiyegusa hata sarafu. Chakula nacho masadhu wanakichanganya chote kwenye bakuli la mti, chapati, dengu, kitamu na kichachu, wanatia maji, ulimi usipate cha kufurahia. Shangazi yangu mtawa, Mungu amrehemu, nadhiri zote alizishika, lakini kwa maandazi alishindwa.

Alhamisi, 18 Julai

Nimemhadithia jirani. Akanikata: "Hiyo ni Shakahola." Sikubishana. Kule Kenya ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge wakamwone Yesu. Ila asubuhi nilipompigia mzee kuhusu salio (bado elfu thelathini, naandika nisisahau), nilimsikia anatafuna. Alishafungua. Funga ya kwao ina kalenda ukutani, na kesho yake mtu yuko dukani.

Kinachonikera ni kingine. Jana niliingia ndani kunawa, nikamkuta mkewe anamenya viazi, nikamuuliza kama masadhu wakija Dar huwa anazungumza nao. Hawazungumzi na wanawake, wala hawawatazami. "Tunakaa nyuma. Sauti zao nazijua kwa spika," akasema, akacheka. Sikujua anawacheka wao au ananicheka mimi niliyesimama na mikono inachuruzika maji. Mzee hajala kitunguu maisha yake yote, sawa, na sifa ni yake. Mpishi ni nani?

Jumapili, 21 Julai

Mwezi mpevu, majabali yote huko nje meupe. Leo ndiyo sikukuu yao ya kumheshimu guru. Mzee alisema watakusanyika sebuleni kwake, familia tatu tu. Wengine walishahamia Dar, wengine Uingereza. Yogiji alifariki 1971, Pramukh Swami aliyemfuata akafariki 2016, na sasa yupo Mahant Swami, mmoja wa vijana 51 ambao Yogiji aliwavisha usadhu mwaka 1961. Watamtazama kwenye simu, wameisimamisha kwenye debe la mafuta, alivyoniambia.

Jioni nikajaribu. Mchicha wa karanga na nyanya, kitunguu nikakiacha palepale kapuni. Mwanangu Neema akaonja, akaweka kijiko chini, akanitazama usoni.

"Mama, unaumwa?"